Barua ya wazi kwa Meya na Madiwani wa Charleston: kuta mmezihifadhi, na watu je?

Kwa Mheshimiwa Meya na Waheshimiwa Madiwani wa Jiji la Charleston, South Carolina, Marekani

Waheshimiwa,

Nakuandikieni nikiwa mtu aliyeanza kuujua mji wenu kama mgeni na akaishia kuwa mfanyakazi wake. Mwaka 2012 nilikuja kumtembelea dada yangu kwa siku tisa. Mwaka 2014 nikarudi kuishi, na tangu hapo kazi yangu ni kutandika vitanda na kusafisha vyumba katika hoteli moja iliyopo kwenye rasi, baina ya mito Ashley na Cooper. Nakala ya Kiingereza ya barua hii nimekwisha kuiwasilisha kwa karani wa Baraza. Hii ya Kiswahili naichapisha kwa ajili ya wenzangu wa Zanzibar, Lamu na Mombasa, ambao nao wanaishi katika miji ya kale inayopendwa na wageni, na ambao huenda wakayajua nitakayoyasema kabla sijayamaliza.

Nianze na zile siku tisa, kwa sababu ndizo zinazofanana na siku za watu zaidi ya milioni 7 wanaokutembeleeni kila mwaka. Dada alinipitisha mitaa ya kusini ya Broad Street, na mimi niliyezaliwa Mji Mkongwe nikahisi kwamba fundi wa hapa na fundi wa kwetu walipambana na joto moja. Nyumba ya asili ya Charleston imesimama ubavu: upande wake mwembamba, wenye upana wa chumba kimoja tu, ndio unaotazama barabara, na mlango wa mbele ukiufungua hauingii ndani bali unatokea kwenye baraza refu lililoelekea kusini au magharibi ili kudaka upepo wa jioni. Katika bustani ya Marion Square niliona kipande cha ukuta wa boma la karne ya 18, kimezungushiwa uzio mdogo kama kaburi la mtu mwema, na maganda ya chaza yametokeza humo kama meno. Marehemu baba yangu alikuwa fundi wa chokaa, aliyechoma mawe ya matumbawe kwa magogo na kuyaacha yatulie kabla ya kuyatia ukutani, kwa hiyo nilikaa mbele ya kipande kile muda mrefu kuliko ulioruhusiwa na ratiba ya dada.

Siku ya tatu mwongoza watalii alitusimamisha mbele ya ukuta wa matofali, akatuonesha tofali moja lenye vishimo vitatu, alama za vidole vya mtu aliyelishika kabla halijakauka. Nikajaribu kutia kidole changu cha shahada katika kimojawapo. Hakikuingia, kwa maana kilikuwa kishimo cha kidole cha mtoto. Matofali hayo yalifyatuliwa na watumwa, watoto wakiwemo, katika mashamba ya kando ya mito, kisha yakasafirishwa kwa mashua hadi mjini. Nimekulia karibu na mahali palipokuwa na soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873 na kujengewa kanisa juu yake, hivyo sikuhitaji maelezo mengi. Nilimuuliza tu mwongozaji: wajukuu wa watoto hao sasa wanaishi mtaa gani? Alinijibu kwa adabu kwamba ziara yetu haifiki huko.

Swali hilo ndilo linalonifanya nikuandikieni leo, baada ya miaka mingi ya kulizungusha kichwani nikisukuma toroli la mashuka.

Haki ni kusema kwamba nyinyi na waliokutangulieni mmefanya kazi ya kuhifadhi ambayo miji mingi inaitamani. Mwaka 1931 Charleston ilipitisha sheria ya kwanza nchini Marekani ya kulinda eneo zima la kihistoria, na bodi iliyotokana na sheria hiyo hadi leo inakagua mbao za dirisha, mteremko wa paa na hata kinachoonekana kutoka barabarani mtu anapotaka kubadili lango lake. Ninatoka katika mji ulioingia kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000 na ambao, siku ya Krismasi ya 2020, ulishuhudia sehemu ya Beit al Ajaib, jumba la kale la masultani, ikiporomoka na kuua watu wawili. Siwezi kudharau bodi inayokagua paa.

Mmejua pia kuwatia wageni katika utaratibu. Magari ya farasi hupangiwa njia kwa bahati nasibu langoni, ili yasirundikane yote katika mtaa mmoja. Na farasi akikojoa barabarani, mwendeshaji hudondosha kibendera mahali pale, kisha huja gari la maji kuosha. Nikiwasimulia watu wa nyumbani jambo hili hucheka hadi machozi, lakini mimi huliheshimu. Jiji lililoweza kuweka utaratibu wa mkojo wa farasi haliwezi kusema kwamba suala la nani anahama na kwa nini anahama limelishinda kwa ugumu wake.

Maana watu wamehama, Waheshimiwa. Mwaka 1980 wakaazi wengi wa rasi hii walikuwa watu weusi, wengi wao wakiwa wa asili ya Gullah Geechee, yaani vizazi vya wale waliolima mpunga, kufyatua matofali na kufua chuma cha malango tunayoyapiga picha. Leo ni wachache, na kila mwaka wanapungua. Miaka yangu mitano ya mwanzo nilipanga chumba mtaa wa Eastside, si mbali na nyumba ya marehemu Philip Simmons, mhunzi aliyefariki mwaka 2009 akiwa ameacha malango na vyuma vyake zaidi ya mia tano katika mji huu na vitongoji vyake. Jirani yangu, mama mtu mzima, aliniita "comeyah", neno la Kigullah lenye maana ya aliyekuja hapa, na yeye akajiita "binyah", aliyekuwepo. Nilimwambia kwamba nasi Zanzibar tuna watu wa kuja na wenyeji, na kwamba huko mimi ndiye mwenyeji. Alicheka sana, akanikaribisha barazani kwake, na kuanzia siku hiyo nikawa na mtu wa kumsalimia asubuhi. Mwaka 2018 akahamia kwa mwanawe mji mwingine. Nyumba yake ilipakwa rangi mpya kwa kufuata masharti yote ya bodi, na ni nzuri kweli.

Mwaka uliofuata ilikuwa zamu yangu. Mwenye nyumba wangu, ambaye simtaji kwa kuwa hakufanya lolote kinyume cha sheria, alinionesha karatasi ya kodi ya majengo. Katika jimbo hili nyumba anayoishi mwenyewe hukadiriwa kwa asilimia 4 ya thamani yake, na ile anayoipangisha kwa asilimia 6; thamani ya mtaa ikipanda, mzigo huo humshukia mpangaji. Pango likapanda kwa kiasi ambacho mshahara wa kutandika vitanda haukuweza kukifikia, nami nikahamia North Charleston. Hapa naomba mtulie kidogo. North Charleston ni jiji jingine, lenye meya wake na madiwani wake. Siku niliyobeba godoro langu ndiyo siku niliyoacha kuwa mpigakura wenu, ingawa bado natumia saa nyingi za uhai wangu katika rasi yenu kuliko kitandani kwangu. Kila mfanyakazi anayehama hivyo anaondoka na kura yake, na wanaobaki kupiga kura ni wale ambao tatizo halijawafikia. Kwa hiyo kadiri jambo linavyozidi kuwa baya ndivyo linavyozidi kunyamaza katika vikao vyenu.

Nakushukuruni kwa sheria ya 2018 inayodhibiti nyumba za kupangisha kwa siku chache na kumtaka mwenye nyumba awe anaishi hapo hapo, kwani bila ya hiyo mitaa mizima ingekwishageuka hoteli zisizo na jina. Nakushukuruni pia kwa basi la wafanyakazi wa hoteli na mikahawa lililoanzishwa mwaka huo huo, linalotutoa kwenye maegesho ya mbali na kutuleta kazini. Lakini basi ni dawa ya kumleta mtu asiyeweza kuishi karibu. Ninachokuombeni ni sisi tuweze kuishi karibu.

Sasa nije kwenye maji, ambayo ndiyo yatakayoamua ni nani atakuwepo hapa baada ya miaka thelathini.

Sisi watu wa pwani tunalijua bamvua. Kwetu bahari wakati wa bamvua hupanda na kushuka kiasi cha mita 4. Hapa tofauti ya kawaida haifiki mita 2, nami nilipofika nikadhani mnajionea hofu bure. Sikujua kwamba sehemu kubwa ya rasi hii ni vijito na matope yaliyofukiwa. Market Street yenyewe, penye mabanda ya soko na ardhi iliyotolewa na familia ya Pinckney mwaka 1788, imekaa juu ya kijito cha zamani, na maji yana tabia ya kukumbuka njia yake. Nalielewa jambo hilo, maana kwetu pia mkono wa bahari uliotenganisha Mji Mkongwe na Ng'ambo ulifukiwa. Kipimo cha bandarini kikikaribia futi 7, maji ya chumvi hupanda kupitia makaro ya mvua, jua likiwaka na bila ya wingu hata moja, na watu huvua viatu wakavuka. Katika mkoba wangu wa kazini kuna vitu viwili visivyotoka: ufunguo wa kabati langu na mfuko wa plastiki wa kutilia viatu.

Mgeni huliona jambo hili kama kioja, akapiga picha na kurudi hotelini. Aliyepanga Gadsden Green, nyumba za serikali zilizo upande wa mto Ashley karibu na Hagood Avenue, haruki dimbwi kwa ajili ya picha. Anatoa gari lake usiku ili lisiliwe na chumvi, na asubuhi anamvusha mtoto wa skuli mgongoni.

Mmeingia katika mpango na Kikosi cha Wahandisi wa Jeshi la Marekani wa kujenga ukuta wa kuzuia mawimbi ya tufani kuizunguka rasi, wenye urefu wa takriban maili 8 na gharama iliyokadiriwa mwaka 2022 kufikia dola bilioni 1.1, serikali kuu ikibeba asilimia 65 na nyinyi asilimia 35. Sina elimu ya kupinga ukuta. Nilichokisoma katika mpango ule, nikakirudia mara tatu nikidhani sikukielewa, ni kwamba mtaa wa Rosemont, ulio kaskazini mwa rasi, unabaki nje ya ukuta huo, na kwamba nyumba zake zitapewa hatua nyingine kama vile kunyanyuliwa au kuzibwa sehemu za chini. Nyumba za Bridgeview Village nazo zimewekwa katika fungu hilo hilo. Rosemont ni mtaa wa watu weusi uliokwisha kukatwa na mji mara moja, pale barabara kuu ya I-26 ilipopitishwa ubavuni mwake. Hesabu za miradi kama hii hupima faida kwa thamani ya mali inayookolewa, hivyo nyumba ya bei ndogo huonekana haistahili ukuta wa bei kubwa. Mashine ya kuhesabia haina chuki na mtu. Nyinyi, hata hivyo, hamkuchaguliwa kuwa mashine ya kuhesabia, na fedha za ile asilimia 35 mnazipanga kwa kura zenu.

Ombi langu la kwanza, na ndilo kubwa, ni kwamba Baraza lisitie saini ya kuingia katika hatua ya ujenzi mpaka Rosemont na Bridgeview ziwe na ulinzi ulioandikwa, wenye kiwango sawa na kile kitakachopewa nyumba za rangi za Rainbow Row, wenye fedha zake na tarehe yake. Kunyanyua nyumba kunaweza kuwa jibu sahihi. Wenyewe wa mtaa ndio wa kusema. Lakini kama ni hilo, basi nyumba zinyanyuliwe kabla ya ukuta kuanza, isiwe baada ya miaka kumi ya kuambiwa wasubiri.

La pili linahusu ardhi ya Union Pier, ile takriban ekari 65 ya ufukwe wa mto Cooper ambako meli ya kitalii ilikuwa na makao yake hadi mwisho wa 2024. Hakuna kipande kingine cha ukubwa huo kitakachopatikana katika rasi hii. Wawekezaji watataka hoteli, nami kwa kazi yangu ningepaswa kufurahi, lakini kila chumba cha hoteli kinahitaji mtu wa kukisafisha naye anahitaji mahali pa kulala. Wekeni sharti la nyumba za kupangisha kwa kipato cha wafanyakazi ndani ya eneo lenyewe, wala zisiwe mahali pengine, na sharti hilo lisiwe la kumalizika baada ya miaka kumi na kitu halafu nyumba zikarudi kwenye bei ya soko.

Kuhusu viwanja vya urithi nitasema kama mtu aliyezaliwa ndani ya tatizo hilo. Mababu wa Gullah walionunua ardhi baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe kwisha mwaka 1865, katika Johns Island, James Island na kwengineko, mara nyingi walifariki bila ya wasia ulioandikwa, na ardhi ikawa ya warithi wote kwa pamoja bila ya kugawanywa. Mwenye kujua Mji Mkongwe anazijua nyumba za namna hii: ndugu thelathini, mmoja Muscat, mmoja London, watatu hawasemezani, na paa linavuja. Hapa hatari ni nyingine. Mrithi mmoja aliye mbali huuza sehemu yake kwa mwekezaji, naye mwekezaji huenda mahakamani kuomba kiwanja chote kiuzwe ili apate haki yake. Sheria ya jimbo ya 2016, iliyopewa jina la Seneta Clementa Pinckney, mchungaji aliyeuawa pamoja na waumini wanane katika kanisa la Mother Emanuel tarehe 17 Juni 2015, inawapa jamaa nafasi ya kuinunua kwanza sehemu ile kwa bei iliyokadiriwa. Ni sheria nzuri kwa mwenye fedha benki. Nakuombeni mtenge mfuko wa mkopo nafuu kwa jamaa hao, na mtu mmoja ofisini wa kuwapigia simu wenye viwanja vya urithi kabla havijafikishwa mnadani kwa deni la kodi.

Sikukusudia kugusa vikapu, lakini sitajisamehe nikiviacha. Wanawake wa Kigullah wanaouza vikapu sokoni husema wanashona, hawasemi wanasuka, na ukiwatazama ni kweli: fungu la nyasi za sweetgrass huzungushwa duara juu ya duara na kufungwa kwa ukanda wa jani la mpalmeto unaopitishwa kwa mpini wa kijiko ulionolewa. Mmoja aliniruhusu nijaribu. Nilikulia na bibi mwenye ukili mkononi, nikadhani vidole vyangu vitajua. Nilishona mizunguko miwili, akaifumua bila ya kusema neno. Kikapu cha kwanza cha kazi yao kilikuwa ungo wa kupepetea mpunga, na ungo kama huo ungeupata jikoni kwa bibi yangu. Sasa nyasi zenyewe zinaota katika fukwe zilizozungushiwa malango ya makaazi ya kitajiri, na mshonaji lazima aombe ruhusa kwenda kukata. Jiji lina bustani na kingo za maji. Pandeni nyasi hizo, na toeni vibali vya kukata kwa washonaji wanaotambulikana na wenzao. Litakugharimuni kidogo kuliko gari la kuosha mkojo wa farasi.

Tarehe 19 Juni 2018 Baraza hili liliomba radhi kwa sehemu ya jiji katika utumwa, kwa kura 7 dhidi ya 5, na miaka mitano baadaye, tarehe 27 Juni 2023, ikafunguliwa makumbusho ya Waamerika wa asili ya Kiafrika katika gati ya zamani ya Gadsden, mahali walipoteremshwa maelfu ya watu. Jengo limenyanyuliwa juu ya nguzo, na chini yake kuna bwawa lenye kina kidogo ambamo sura za watu waliolazwa bega kwa bega hufunikwa na maji na kufunuliwa tena, kama maji yanayopwa na kujaa. Nilikwenda siku yangu ya mapumziko, nikavua viatu kwa mazoea. Pembeni yangu alikuwepo mzee mmoja aliyekuja na wajukuu zake, nikamuuliza wanatoka wapi, akasema kwao ni hapa hapa, mitaa sita kutoka pale tulipo, ila sasa wanaishi Summerville na wamekuja kwa gari kutembea.

Mabamvua makubwa ya mwaka huja baina ya Septemba na Novemba, na jedwali lake mnalo. Chagueni siku moja, mfike Hagood Avenue saa ambayo maji yanajaa, bila ya wapiga picha, kisha tuendelee hadi Rosemont tukazungumze na watu wakiwa majumbani mwao. Zamu yangu huisha saa tisa alasiri. Mabuti ya mpira ninayo jozi mbili, na moja ni kubwa.

Wasalaam,

Mtandika vitanda katika rasi yenu, mzaliwa wa Mji Mkongwe, Zanzibar, aliyewahi kuwa mkaazi wa Eastside